Kigoma, Juni 1916: Meli ya Askari Ilipoonekana kutoka Juu

Anayepita Vigwaza kwa Barabara ya Morogoro haoni chochote cha kumkumbusha vita vya majini. Bahari imebaki nyuma, Bagamoyo na Dar es Salaam, na maji makubwa ya karibu ni ya mto Ruvu. Lakini kusini ya hapo Reli ya Kati inapita stesheni ya Ruvu, na kwa reli hiyo, karibu na mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza, ilisafirishwa meli nzima. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma. Huko mafundi watatu wa Kijerumani, pamoja na vibarua wengi Waafrika ambao vitabu huwataja kwa jumla tu, waliiunganisha upya. Februari 1915 ikateremshwa ziwani ikiitwa Graf von Götzen. Sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Watu wengi wamesikia kwamba meli hii ilizamishwa na kufufuliwa. Wachache wamesikia kwamba ilishambuliwa na ndege, tena wakati ambapo ndege yenyewe ilikuwa bado chombo cha mbao na kitambaa.

Ili kuelewa kwa nini Wabelgiji, waliotawala Kongo ng'ambo ya ziwa, walihangaika kuleta ndege katikati ya Afrika kwa ajili ya meli moja, ni lazima kwanza kujua meli hiyo ilikuwa na faida gani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 650. Ufukweni hapakuwa na barabara ya magari wala reli ya kutoka kaskazini hadi kusini. Kikosi kilichotaka kwenda Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, kikitokea Kigoma, kingetembea kwa wiki kadhaa milimani, na nyuma yake msururu wa wapagazi wenye vyakula, risasi na mizinga vichwani. Götzen, yenye urefu wa mita 70 na ushei, ilikadiriwa kuweza kubeba askari 800 hadi 900 kwa safari moja na kuwafikisha huko kwa siku mbili. Kamanda Gustav Zimmer aliifunga mzinga wa sentimita 10.5 uliookolewa kutoka manowari Königsberg kule Rufiji, mzinga ambao nao ulifika Kigoma kwa reli ileile. Kwa hiyo meli hiyo ilikuwa mambo mawili kwa pamoja: ngome inayotembea, na njia ya kuhamisha jeshi zima kabla adui hajajua limeondoka. Hilo la pili ndilo lililowanyima Wabelgiji usingizi. Mzinga unaweza kuukwepa ukiyajua masafa yake. Askari 900 ambao hujui watashuka ufuko upi huna pa kuwakwepea.

Waingereza walikuwa wamekwisha kuleta ziwani boti zao mbili ndogo, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka boti ya Kijerumani iliyoitwa Kingani, jina ambalo watu wa Bagamoyo wanalijua vizuri kwa kuwa ndilo jina la zamani la mto Ruvu. Februari 9, 1916, wakaizamisha meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Siku iliyofuata Götzen yenyewe ilitokeza ikimtafuta mwenzake, na Spicer-Simson akakataza watu wake wasitoke bandarini. Riwaya na filamu ya The African Queen zimeipa dunia picha ya boti ndogo inayoizamisha meli kubwa ya Wajerumani. Kwa kweli hakuna boti iliyowahi kupigana na Götzen. Waliothubutu kuifuata walitoka angani.

Uingereza iliwaazima Wabelgiji ndege nne aina ya Short 827, za kuruka na kutua majini, zenye maboya mahali pa magurudumu. Zilipitishwa Kongo kwa meli, treni na mabega ya watu mpaka ukingo wa magharibi wa ziwa, zikaunganishwa upande wa Mtoa. Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mtazamaji wake Collignon walivuka maji, mwendo wa kilomita zaidi ya 100, wakaikuta Götzen bandarini Kigoma na kuidondoshea mabomu. Mashambulizi mengine yakafuata wiki zile. Marubani waliamini kwamba wameipiga. Matokeo hasa yamebishaniwa tangu siku hizo, lakini jambo moja halina ubishi: mabomu hayo hayakuizamisha. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha wao wenyewe karibu na Kigoma, baada ya mafundi kupaka mitambo grisi nene ili isishikwe na kutu. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia mjini.

Kutokana na habari hizi wengi huhitimisha kwamba ndege za Ziwa Tanganyika zilikuwa mzaha wa kivita: gharama kubwa, safari ndefu, faida sifuri. Hukumu hiyo naikataa, kwa sababu inapima kitu kisicho chake. Inauliza kama meli ilizama, badala ya kuuliza kama meli iliendelea kufanya kazi iliyoundwa kuifanya. Meli ya askari ina nguvu kwa masharti mawili. Kwanza, isionekane inakokwenda. Pili, ipate saa kadhaa za utulivu gatini ili watu, wanyama na mizigo vipande na vishuke. Ndege iliyofika Kigoma ilivunja masharti yote mawili kabla ya bomu lolote kulipuka. Meli ikionekana asubuhi imewasha moto na gati limejaa askari, mtu aliye juu anaweza kurudi Mtoa na kusema, na ufuko wa kwenda kulindwa utajulikana. Nayo meli yenyewe, ikiwa imefungwa gatini, haina tofauti na kuku aliyefungwa kamba mguuni huku mwewe akizunguka juu: hata mwewe akikosa mara ya kwanza, kuku hana pa kwenda.

Ushahidi wa hoja hii haupo Kigoma tu. Mwaka mmoja kabla, kwenye delta ya Rufiji, Waingereza walikuwa na tatizo linalofanana. Königsberg ilijificha kwenye mikoko, mahali ambapo manowari zao kubwa hazingeweza kuingia. Ndege za mwanzo zilisumbuliwa vibaya na joto na unyevu wa pwani. Baadhi zilishindwa hata kuachana na maji zikiwa na uzito wa bomu. Mabomu yaliyodondoshwa hayakuidhuru. Hata hivyo ni ndege zilizoiona mahali ilipo, na ni ndege zilizoelekeza mizinga ya meli za Waingereza Severn na Mersey tarehe 11 Julai 1915. Siku hiyo rubani John Cull na mtazamaji Harwood Arnold walipigwa risasi, injini ikafa, na wakati ndege ikiteremka kuelekea mtoni Arnold aliendelea kutuma masahihisho kwa redio hadi Severn ikapata shabaha. Meli iliyodumu miezi mingi ikageuka chuma chakavu kwa sababu ya jicho, si kwa sababu ya bomu la angani. Wajerumani wakaiokoa mizinga yake. Mmoja ndio ule wa Götzen, na mwingine ulitekwa Bagamoyo tarehe 15 Agosti 1916, Waingereza walipotua pale kutoka baharini.

Msomaji makini atanipinga hapa, na ana haki. Atasema: Götzen haikuachwa kwa kuogopa ndege. Iliachwa kwa sababu majeshi ya Ubelgiji yalikuwa yakishuka kutoka Rwanda na Burundi, reli ya Kigoma hadi Tabora ilikuwa hatarini kukatwa, na ule mzinga mkubwa ulikuwa tayari umekwisha kuondolewa kupelekwa nchi kavu. Yote hayo ni kweli, na sitaki kuyapunguza. Vita vya ziwa viliamuliwa na miguu ya askari na wapagazi kuliko mbawa. Lakini angalia vizuri mzinga huo ulipoondoka ni nini kilichobaki. Meli ya askari ilibaki. Zimmer angeweza kuitumia kuhamisha watu na akiba kusini kwa siku mbili. Kwa safari hiyo mzinga ni ulinzi dhidi ya boti, na boti za Waingereza zilikuwa zimeonyesha kwamba hazivitaki vita hivyo. Meli isiyo na mzinga ilikuwa bado na thamani katika ziwa lisilo na ndege. Katika ziwa lenye ndege thamani hiyo ilikuwa imepungua sana. Sisemi kwamba Behaeghe aliwafukuza Wajerumani Kigoma peke yake. Nasema aliwaondolea mlango wa pili wa kutokea. Behaeghe mwenyewe hakuuona mwisho wa vita; alifia Kongo Desemba ya mwaka uleule.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama jicho ndilo linaloiua meli ya askari, mbona katika vita vilivyofuata maelfu walikufa kwa bomu lenyewe? Juni 17, 1940, ndege za Ujerumani ziliipiga meli Lancastria karibu na Saint-Nazaire, Ufaransa, ikiwa imesheheni askari na raia wa Uingereza waliokuwa wakikimbia. Hakuna aliyejua hasa wangapi walikuwamo. Waliokufa hawapungui maelfu, na Churchill alizuia habari hizo zisichapishwe. Novemba 26, 1943, karibu na pwani ya Algeria, Rohna ilipigwa kwa bomu lililoongozwa kwa redio kutoka ndani ya ndege, na Wamarekani zaidi ya 1,000 wakapotea. Bila shaka kati ya 1916 na 1943 bomu lilikuwa limekua, likapata hata usukani. Ila ukizisoma habari za meli hizo mbili unakuta udhaifu uleule wa Kigoma. Lancastria ilikuwa imetia nanga ikiendelea kujaza watu. Rohna ilikuwa katika msafara ambao njia yake ilijulikana. Jambo lililobadilika ni idadi ya watakaokufa mara meli ikikamatwa katika hali hiyo.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu unaonyesha hivyo hivyo. Tarehe 8 Juni 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, meli ya Uingereza Sir Galahad ilikaa mchana kweupe ikiwa na askari ndani, wakisubiri kushushwa. Ndege za Argentina zikaikuta. Walikufa watu 48. Jeshi hilo lilikuwa na rada, makombora na miaka zaidi ya 60 ya mafunzo tangu Götzen, na bado likanaswa na saa zile zile za kupanda na kushuka. Ndiyo maana naona wanaosimulia vita hivi kwa kuhesabu mabomu na aina za ndege wanaanzia mwisho wa habari. Swali la kwanza kwa kamanda yeyote anayepakia watu ni muda: watakaa ndani ya chombo hiki saa ngapi kikiwa kimesimama, na nani anaweza kukiona?

Lipo pingamizi la tatu, na hili linatuhusu sisi wenyewe. Msiba mkubwa kabisa wa askari wa Afrika Mashariki ndani ya meli haukuletwa na ndege. Khedive Ismail iliondoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwamo wapiga mizinga wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliitia torpedo. Meli ilizama kwa dakika chache tu. Waliokufa ni karibu 1,300, na kati yao karibu 700 ni wapiga mizinga wa kwetu. Je, si ndege basi? Si ndege. Lakini bahari ile ilikuwa mbali na viwanja vya ndege vya adui, na kwa hiyo jicho lililobaki ni la chini ya maji. Manowari za ulinzi zilikuwapo, na ziliiangamiza I-27 siku ileile, hata hivyo hazikuweza kubadilisha hesabu ya msingi: watu 1,500 katika ganda moja la chuma, wengi wao chini ya sitaha, na njia za kutokea chache. Torpedo na bomu hutofautiana pa kuingilia tu.

Kwa hiyo Kigoma ya Juni 1916 haistahili kuwa tanbihi ya kuchekesha katika historia ya Liemba. Ni mojawapo ya mara za mwanzo Afrika ambapo meli ya kubebea jeshi iliandamwa kutoka angani, na ilitokea katika nchi yetu, kwa meli iliyobebwa na reli yetu na kuunganishwa kwa nguvu za watu wetu. Waingereza waliiibua mwaka 1924 wakakuta ile grisi imefanya kazi yake, na Mei 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Miaka 88 baadaye, Mei 2015, ilikuwa ikiwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka ufuko wa Kagunga na kuwafikisha Kigoma, safari baada ya safari, mchana na usiku, bila mtu yeyote kulazimika kutazama juu.