Kilio cha Wengi Arusi: Msiba Unafaa Jukwaani?

Katika vichekesho vya jukwaani, ukoo uliokutana kupanga mazishi ni mtaji mkubwa. Marehemu kalala kimya, walio hai ndio wasemaji. Kaka mkubwa anataka azikwe kijijini, mjane anataka mjini, shangazi anauliza nani kala michango, na mjomba ambaye hakuonekana miaka kumi ndiye anayelia kuliko wote. Marehemu mwenyewe hakuna anayemtaja. Hapo ndipo kicheko kinapotoka.

Je, chama chetu kikiuonyesha mchezo wa namna hiyo hapa Riyadh au Jeddah, utaeleweka? Jukwaa lenyewe si geni tena: Msimu wa Riyadh, ulioanza mwaka 2019, huleta michezo ya kuchekesha ya Kiarabu, na watu hujaa.

Kikwazo ni muda. Ugomvi wa mazishi huhitaji siku za kukua. Wakili S. M. Otieno alifariki nchini Kenya tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong; ukoo wa Umira Kager ukataka Nyalgunga, Siaya. Kesi ikafika Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda, na marehemu akazikwa tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa. Kwa wafiwa hayakuwa mambo ya kuchekesha, lakini mtunzi wa tamthilia angepata humo kila kitu anachohitaji.

Saudia mambo ni mengine. Mfalme Abdullah alifariki tarehe 23 Januari 2015 na siku hiyohiyo akazikwa katika makaburi ya Al-Oud, Riyadh, kaburi lisiloandikwa jina. Ikiwa mfalme huzikwa hivyo, ukoo wa mtu wa kawaida utagombania nini kabla ya alasiri?

Kwa hiyo ugomvi tuuhamishe. Uwe wa mirathi na madeni, baada ya mazishi. Au uwe wa simu: Mswahili kafia Jeddah, wenzake wako tayari kumzika Makaburi ya Mama Hawa, na Tanga nusu ya ukoo inataka mwili urudishwe huku nusu nyingine ikiuliza nauli atalipa nani. Hapo pana tamthilia, na kila mtazamaji wetu ataielewa.

Lakini miongoni mwa watazamaji hao huenda wamo waliomzika mzazi kwa video ya dakika mbili. Tutawachekeshaje bila kuwaumiza? Jibu tunalo nyumbani: utani. Katika misiba mingi ya Tanzania, mtani huigiza mwendo na sauti ya marehemu, huvaa nguo zake, pengine huingia kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe. Wafiwa hucheka machozi yakiwa bado mashavuni, wala hakuna anayekasirika. Mtani ana ruhusa kwa sababu naye ni mfiwa: amekuja kuosha vyombo, kubeba maji, kuchimba kaburi.

Basi tukiandika mchezo huu, tumwandike mtani kwanza. Tamaa ya walio hai ataisema yeye, mbele yao, na marehemu ataachiwa heshima yake. Wanaotaka kushiriki kuutunga walete sahani ya wali na kalamu. Ugomvi tutauanzisha wenyewe.