Mshipa si neva: Neno linalotuchelewesha kumfikisha mgonjwa hospitalini

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Kitengela aliamka akashindwa kushika kikombe cha chai. Mkono wa kulia umelegea, mguu wa kulia anauburuta, mdomo umeenda upande na maneno hayatoki. Nilipoitwa jioni, nilimkuta mkewe akimkanda mkono kwa mafuta yaliyopashwa moto. "Ni mishipa tu imekaza, Mwalimu," akaniambia. "Ikifunguka atakuwa sawa." Walikuwa wakimkanda tangu asubuhi.

Mama huyo si mjinga. Alikuwa akifuata Kiswahili chake. Katika lugha tunayozungumza kila siku, mshipa ni ule unaopitisha damu, ni neva, ni kano inayoshikanisha msuli na mfupa. Na ukifika pwani utasikia mshipa ukitajwa kama ugonjwa, yaani ngiri. Neno moja, mizigo minne! Sasa ukiambiwa mzee ana shida ya mishipa na unaona mkono umelala, utautafuta mshipa wapi kama si mkononi?

Tuitenganishe mizigo hiyo. Mshipa wa damu ni mrija: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Neva si mrija. Ni fungu la nyuzi zinazosafirisha ujumbe kwa njia ya umeme na kemikali. Jozi 12 za neva hutoka ubongoni moja kwa moja, na jozi 31 hutoka kwenye ugwe wa mgongo, ule uzi mnene uliohifadhiwa ndani ya uti wa mgongo. (Uti na ugwe nao tunawachanganya, lakini hayo ni ya siku nyingine.) Ukitaka kuinua kikombe, amri huanzia ubongoni, hushuka kwenye ugwe, hupita kwenye neva za mkono, kisha msuli ukajikunja. Njiani, chini kabisa ya ubongo, nyingi ya nyuzi hizo huvuka upande. Ndiyo maana ubongo wa kushoto huendesha mkono wa kulia.

Basi mkono wa jirani yangu haukuwa na kasoro yoyote. Skani ilionyesha kwamba kilichoziba ni mshipa wa damu kichwani, upande wa kushoto. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yetu. Ukikosa damu, seli zake huanza kufa katika dakika chache. Kuukanda mkono ule ni kubadilisha balbu nyumbani Kitengela ilhali hitilafu iko kwenye kituo cha umeme cha Isinya.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuhariri kijikaratasi cha afya cha kusambazwa Kajiado. Mwandishi alikuwa ameandika "neva". Nikaifuta, nikaweka "mishipa ya fahamu", kwa kuwa niliona neva ni uvivu wa kutohoa. Sasa nasema yule mwandishi alikuwa sahihi. Kwanza, nilimrudisha msomaji kwenye mishipa ileile. Pili, fahamu imeingiaje? Moyo hupiga na tumbo husaga chakula kwa uongozi wa neva bila sisi kufahamu lolote. Ukigusa sufuria ya moto, ugwe wa mgongo huuvuta mkono kabla ubongo haujapata habari ya maumivu.

Tena neno fahamu humdhulumu mgonjwa. Watoto wa jirani yangu walinong'ona kwamba baba "ameruka akili" kwa vile hasemi. Lakini nilipomwomba afumbe macho, alifumba. Alikuwa akielewa. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa aliyoambiwa lakini akabaki na silabi moja tu ya kutamka, "tan". Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Kwa watu wengi kazi ya kusema huongozwa na upande huo, ndiyo sababu mkono wa kulia na ulimi mara nyingi hupotea pamoja.

Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya skani kuthibitisha kwamba mshipa umeziba, haujapasuka. Sisi tulifika hospitalini usiku.

Siku hizi ananyoshwa viungo na mtaalamu, na hilo linafaa, kwa kuwa ubongo hujifunza upya kwa mazoezi. Anatembea kwa mkongojo. Juzi nilimsalimu langoni, akahangaika kidogo, kisha akaniita "Mwali... Mwalimu". Mkewe ameniuliza kama ile chupa ya mafuta aitupe. Nimemwambia aiweke tu, ila siku nyingine mdomo wa mtu ukienda upande, atafute gari kwanza.