Haki ya Mwenye Shamba Ndani ya Mipaka ya Mji

Mmiliki wa shamba la mihogo pembezoni mwa Chamazi au Mabwepande anapokuta vigingi vya upimaji vimesimikwa mpakani mwake, swali la kwanza huwa ni iwapo shamba bado ni lake. Kisheria ni lake, ingawa si kila analotaka kulifanya juu yake linaruhusiwa.

Eneo likishatangazwa kuwa la mipangomiji, matumizi ya ardhi husimamiwa na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007. Shamba lililotengwa kwa kilimo haliwezi kukatwa viwanja bila kibali cha mamlaka ya upangaji, na Kanuni za Kilimo Mjini za mwaka 1992 ziliweka kikomo cha ekari 3 kwa mtu mmoja. Masharti haya huudhi, hasa pale jirani aliye nje ya mchoro anapouza vipande vyake kwa bei nzuri. Hata hivyo, kuzuiwa kugeuza shamba kuwa viwanja ni jambo moja, na kunyang'anywa shamba ni jambo jingine.

Tofauti hiyo ina uzito kwa wengi waliorithi mashamba bila kuwa na hati. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria iliyofuta haki za kimila katika ardhi iliyoguswa na Operesheni Vijiji. Lohay Akonaay na mwanawe, wakulima wa Mkoa wa Arusha waliokuwa wamerudishiwa ardhi yao na mahakama, waliipinga. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kuwa haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba kumnyima mtu mali hiyo bila fidia ya haki ni kinyume cha Katiba.

Ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inataka mwenye ardhi apewe taarifa, na taarifa hiyo itangazwe katika Gazeti la Serikali. Kwa kawaida muda wa kuondoka haupungui wiki 6. Zamani fidia ilihusu zaidi maendelezo, yaani nyumba na mazao. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 iliongeza thamani ya ardhi yenyewe kwa bei ya soko, na ikataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Juu ya hapo huja posho ya usumbufu na, kwa wanaostahili, posho ya usafiri, posho ya makazi na fidia ya faida iliyopotea. Hizi tatu za mwisho hazilipwi kwa ardhi isiyotumika, kwa hiyo shamba lililoachwa likawa pori humgharimu mwenyewe.

Malalamiko mengi huzaliwa siku ya uthamini. Mwenye shamba anapaswa awepo, pamoja na kiongozi wa serikali ya mtaa, ahesabu minazi, miembe na mikorosho yake mmoja mmoja, na asitie sahihi kwenye fomu yenye idadi pungufu. Nakala ya fomu aihifadhi. Chini ya Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe taarifa, huanza kudai riba; miaka 2 ikipita bila malipo, uthamini hurudiwa.

Mgogoro wa mpaka au umiliki kati ya wananchi huanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, mlalamikaji hupeleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akiwa na uthibitisho wa Baraza la Kata kwamba usuluhishi haukufaulu; siku 30 zikipita bila mwafaka, anaweza kulipeleka bila uthibitisho huo.