Chuma Juu, Acha Shina: Mboga za Kinindo

Mchumaji wa kwanza wa mboga hapa Kinindo hana kikapu. Usiku kiboko hupanda kutoka Ziwa Tanganyika, hupita kando ya kuta za majumba makubwa, na akikuta bustani haina uzio hula anachotaka na kukanyaga anachobakiza. Wakazi wa kusini mwa Bujumbura wameshamzoea: ukimsikia anapumua nje ya geti, unasubiri apite. Kukipambazuka wenye bustani hukagua matuta yaliyosalimika, na hapo ndipo zamu ya binadamu inapoanza.

Jumamosi zamu hiyo huchelewa. Asubuhi ni ya kazi za pamoja za maendeleo. Maduka yamefungwa na magari hayatembei ovyo. Kazi zikiisha, utawaona watu wakielekea kwenye matuta ya lengalenga, yaani mchicha. Wengine bado wana majembe begani, wengine wameshuka kwenye magari yenye viyoyozi, na kila mmoja ana kikapu chake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Burundi kwa amri ya mwaka 2018, na kwa mboga za majani marufuku hiyo ilikuwa baraka, maana jani likifungiwa kwenye plastiki kwenye joto letu hutoa jasho na kuanza kuoza kabla hujafika nyumbani.

Kinindo si mtaa ambao mgeni angetazamia kukuta kilimo. Ni mtaa wa wenye nafasi, wenye mageti marefu na walinzi. Lakini uko kwenye ukanda wa Imbo, ardhi tambarare yenye joto kwenye mwinuko wa mita 780 hivi, na kati ya ukuta na ukuta bado kuna viwanja ambavyo havijajengwa. Mwenye kiwanja hupata mtu wa kukitunza kisigeuke pori wala jaa la taka. Mkulima hupata ardhi ya kulima mpaka siku saruji itakapoletwa. Makubaliano mengi ya namna hii hayaandikwi popote.

“Mama, nianzie wapi?” nilimuuliza mwenye bustani moja, nikiwa na kisu mkononi.

“Anzia tuta lile la kati, mwanangu. Ila using’oe. Chuma juu, shina ulibakize.”

Sentensi hiyo fupi ndiyo elimu yote. Lengalenga zikifika wiki ya nne au ya tano hukatwa kwa kucha au kisu, shina likaachwa na urefu wa kama upana wa kiganja kutoka ardhini, na majani machache chini. Ukikata juu kidogo ya pale jani linapoungana na shina, macho ya pembeni yanaamka na kuchipua, na baada ya wiki moja au mbili tuta lilelile linavunwa tena. Likichelewa hadi kutoa maua, majani huwa madogo na magumu, kwa kuwa mmea umeshageuza nguvu zake kwenye mbegu. Ndiyo maana kila bustani ina mimea michache mirefu iliyoachwa pembeni, isiyopendeza kwa macho. Hiyo haiguswi, ni mbegu za msimu ujao.

Mchumaji asiyejua hukimbilia majani makubwa ya chini, anayapukutisha yote na kuacha kijiti. Mwingine hung’oa, mizizi na udongo, kwa sababu ameona sokoni mafungu yakiuzwa na mizizi. Yale mafungu yalipandwa yang’olewe: mbegu zilimwagwa kwa wingi, mimea ikasongamana, ikatolewa yote kwa mara moja. Anayefanya hivyo kwenye tuta la kuchuma ni mwizi wa wiki ijayo, hata kama amelipa. Siwalaumu wakulima wanaokataa kuwaruhusu wateja wapya waingie peke yao.

Matembele yana sheria nyingine. Unachukua ncha laini zenye majani matatu au manne, basi, kwa sababu kule chini kuna viazi vinavyolishwa na majani hayohayo. Ukipenda mno matembele utakula viazi vidogo. Wakulima wenye akili hupanda tuta la majani na tuta la viazi, kila moja kivyake. Kwa muhogo, jani la isombe (kisamvu) ni lile changa la karibu na kilele. Yaliyokomaa yaachwe yaendelee kuilisha mizizi.

Na saa ina maana. Jani lililochumwa mapema, umande ukiwa bado juu yake, limejaa maji. La saa saba mchana limeshachoka likiwa bado kwenye shina. Vitamini C huanza kupungua mara tu jani linapokatwa, na joto huharakisha. Basi kwa kuwa kazi za Jumamosi hutunyima alfajiri, wengi wetu huja na kitambaa kilicholowa maji cha kufunika kikapu. Jumapili hatuna kisingizio.

Wapo wanaouliza: tabu yote hii ya nini, na mafungu yapo sokoni? Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, mboga zimesambaa mitaani kote, kuanzia Ruvumera kule Buyenzi hadi kwenye vibaraza vya Kanyosha. Kabichi, karoti na poro (liki) hushuka kutoka Bugarama, kwenye baridi ya milimani, na hizo huvumilia safari. Lengalenga hazivumilii. Mchuuzi hana namna ila kuzinyunyizia maji kila baada ya muda. Maji hurudisha mng’ao, hayarudishi siku. Zipike za jana na za leo kwenye sufuria mbili, kwa chumvi tu, kisha uonje. Mimi sihitaji hoja zaidi ya hiyo.

Kinachonichekesha ni jinsi mambo yalivyogeuka. Lengalenga ilikuwa mboga ya kuficha, mgeni akibisha hodi sufuria inafunikwa na mtoto anatumwa akatafute nyama. Aibu hiyo ilikuwa ya kanda nzima. Nchini Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuitetea mboga ya kienyeji mbele ya watu walioiita magugu. Arusha, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimekusanya mbegu za mchicha, mnavu na mgagani, na mwaka 2011 Tanzania ilipokea aina mpya za mchicha, Madiira 1 na Madiira 2, zilizotokana na kazi hiyo. Sasa mwenye gari la kifahari anainama kwenye tuta la Kinindo akipigania jani ambalo mama yake alilionea haya. Na hayo yanatokea katika nchi ambayo uchunguzi wa afya wa 2016–2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa.

Lakini tusiipambe bustani kupita kiasi. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua inakatika, na kila tuta linategemea ndoo. Maji yanatoka wapi? Mito ya Muha na Kanyosha hupita katikati ya makazi kabla ya kuingia ziwani, ikibeba kila kinachotupwa humo, na mtambo wa kusafisha maji taka ulioko Buterere, kaskazini, hauhudumii jiji zima. Kwa hiyo saladi mbichi ya bustani za mtoni mimi siili. Mboga ya kupikwa naiosha kwa maji matatu na kuuacha moto ufanye kazi yake. Swali la pili ni dawa. Muulize mkulima amepuliza lini, naye akuonyeshe tuta alilopuliza. Wengi wanakuambia bila kuficha, hasa wakijua utarudi. Jani lenye tundu moja mbili la kiwavi lisikutishe. Linalonitia wasiwasi mimi ni tuta ambalo hata mdudu amelikimbia.

Na ardhi yenyewe inabanwa pande mbili. Ziwa, ambalo kwa kawaida huwa kwenye mita 774 hivi, lilipanda miaka hii hadi kukaribia mita 777 mwezi Mei 2024, kimo ambacho wazee walikuwa wamekiona mwaka 1964. Kule Kibenga, jirani zetu, maji yaliingia majumbani. Bustani za ufukweni zilikuwa zimekwisha kuzama kabla ya nyumba. Sheria ya maji ya 2012 inataka mita 150 kutoka ziwani ziachwe bila majengo, na pale inapoheshimiwa, ukanda huo ndio kimbilio la mkulima mdogo. Upande wa pili ni ukuta. Kiwanja kilichokuwa na matembele mwaka jana leo kina lori la mchanga, na mkulima amehamishia ndoo zake mtaa wa juu. Ukichunga vizuri, mchicha utachipua tena. Kiwanja kilichomwagwa zege hakichipui.

Sasa jikoni. Lengalenga zilizochumwa asubuhi hazitaki maneno mengi. Osha kabla ya kukata, si baada, usije ukamwaga utamu pamoja na maji. Tia kwenye maji kidogo yanayochemka yenye chumvi, dakika chache tu, mpaka zilegee. Wenye matatizo ya mawe ya figo hushauriwa kumwaga maji hayo ya kwanza. Wengine tunayaacha yakauke. Kando, kaanga kitunguu na nyanya kwenye mawese, changanya, geuza mara mbili, epua. Mawese hayapo kwa rangi peke yake: kile kinachogeuka vitamini A ndani ya jani kinahitaji mafuta ili mwili ukipokee. Nikipata ndagala (dagaa) wakavu nawakaanga kwanza na kuwamwaga juu mwishoni, wasilainike. Nyakati za mbalamwezi bei yao hupanda, kwa kuwa wavuvi huwavuta kwa taa na mwezi ukiwaka taa haina kazi; siku hizo maharage yanatosha. Bugali wa muhogo uwe tayari kabla mboga haijaepuliwa.

Matembele nayapika hivyohivyo, ila na ntore (nyanya chungu) zilizokatwa vipande na ndimu kidogo mwishoni ili yasiteleze sana.

Isombe haifanani na hizo hata kidogo, na anayetaka kuiharakisha anacheza na afya ya watu. Jani bichi la muhogo lina sumu ya sianidi. Kulitwanga kwenye kinu kunaipasua sumu hiyo itoke, na kulichemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi kunaiondoa. Saa moja na nusu ni mwanzo. Mbili ni bora. Poro, pilipili hoho na ntore huingia katikati, mawese na karanga za kusaga mwishoni. Makaa yanayokwenda ni mengi na bei yake haicheki na mtu, kwa hiyo wanaojua huipika Jumapili, sufuria kubwa moja, na kuila hadi Jumanne ikipashwa kwa maji kidogo, siku ya pili ikiwa tamu kuliko ya kwanza. Lengalenga za Jumamosi humalizwa jioni ileile.