Matende na Busha: Mishipa Iliyozibwa na Minyoo

Magoma iko kwenye bonde la mto Lwengera, wilayani Korogwe, kati ya milima ya Usambara ya Magharibi na ya Mashariki. Joto lipo, maji yapo, na mkonge umewavuta wafanyakazi wa mikoa mingi kwa vizazi kadhaa. Mabonde ya joto na maji kama hili ndiyo makazi ya mbu, na katika mkoa wa Tanga mbu wameleta matende na mabusha pamoja na malaria. Hata hivyo, bado wapo wanaosema busha linatokana na kunywa madafu, na matende ni uchawi uliotegwa njiani. Imani hizo zinamgharimu mgonjwa fedha, miaka na afya yake.

Mishipa inayopitisha damu na majimaji mwilini ni ya aina kuu tatu. Ateri hupeleka damu kutoka kwenye moyo, vena huirudisha, na mishipa ya limfu hukusanya majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu, huyapitisha kwenye tezi ili yachujwe, kisha huyarudisha kwenye damu. Tezi hizo ndizo zinazovimba kinenani mtu anapopata mtoki. Mishipa ya limfu ikiharibika, majimaji hukosa njia na kiungo huanza kujaa.

Anayeiharibu ni mnyoo mwembamba kama uzi, aitwaye kitaalamu Wuchereria bancrofti. Huenezwa na mbu wa Anofelesi, wale wale wa malaria, na mbu wa Kuleksi wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na maji machafu. Minyoo wazima hukaa kwenye mishipa ya limfu kwa miaka kadhaa wakizaa watoto kwa mamilioni. Watoto hao hujitokeza kwenye damu usiku, hasa kati ya saa 4 na saa 8, wakati mbu nao wako kazini. Kuumwa na mbu mara moja hakutoshi. Maambukizi hujengeka kwa kuumwa mara nyingi, kwa miezi na miaka. Wengi huambukizwa utotoni na hawaoni dalili yoyote hadi ukubwani.

Kwa wanaume, majimaji hujaa kwenye mfuko wa korodani na kuwa busha. Kwa wanaume na wanawake, mguu huvimba, ngozi ikawa nene na kupasuka; hayo ndiyo matende. Bakteria hupenya kwenye nyufa hizo, hasa katikati ya vidole, na kuleta vipindi vya homa kali, mguu ukiwaka na kuuma. Kila kipindi cha namna hiyo huuongeza uvimbe.

Si kila uvimbe ni matende. Miguu yote miwili ikivimba, tatizo linaweza kuwa moyo au figo. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya vena. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu bonge hilo likifika kwenye mapafu linaweza kuua. Ngiri nayo hufanana na busha. Mganga hospitalini huweza kumulika uvimbe kwa tochi kwenye chumba chenye giza: maji ya busha kwa kawaida hupitisha mwanga, utumbo ulioshuka haupitishi.

Busha hutibiwa kwa upasuaji. Matende ya muda mrefu hayarudi kuwa mguu wa zamani, lakini yanadhibitiwa nyumbani. Osha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni ya kawaida, ukianzia juu kushuka chini, bila kusugua kwa nguvu. Pitisha kitambaa katikati ya kila kidole, kisha kausha vizuri. Penye fangasi au kidonda paka dawa uliyopewa kituoni. Ukikaa au kulala, inua mguu; chezesha kifundo mara kwa mara; vaa viatu vipana. Homa ikianza, pumzika, poza mguu kwa kitambaa chenye maji na uende kituo cha afya upate dawa. Usichanje chale wala kubandika majani, kwani kila jeraha ni mlango wa bakteria.

Kinga inawezekana. Tanzania ilianza kugawa kingatiba kisiwani Mafia mwaka 2000, na mkoa wa Tanga ukafuata mwaka 2004. Dawa zake, ivermektini na albendazoli, huua watoto wa minyoo walio kwenye damu, lakini minyoo wazima wengi hubaki hai. Ndiyo sababu dawa hurudiwa kila mwaka, na humezwa hata na asiyeumwa, kwa kuwa damu yake inaweza kumwambukiza mbu. Mgawa dawa hupima urefu kwa kijiti ili ajue idadi ya vidonge. Wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa mahututi hawapewi. Kichwa kuuma au homa ndogo baada ya kumeza mara nyingi husababishwa na vimelea wanaokufa.

Kupunguza mbu nako husaidia. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe nyepesi za plastiki kwenye vyoo vya shimo ili zielee na kuwazuia mbu kuzaliana, huku wakazi wakipewa dawa. Mbu wakapungua sana, na maambukizi pia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, lala ndani ya chandarua, funika choo, na zoezi la kingatiba likifika kijijini kwako, meza dawa. Mwenye busha, usijifiche nyumbani: ugonjwa wako una tiba, na tiba hiyo iko hospitalini.