Kabla Barabara Haijakatika: Namna Kampuni za Simu Zinavyojiandaa kwa Vimbunga na Maafa Mengine

Vimbunga havipigi pwani yetu mara kwa mara, lakini pwani yetu haijawahi kusalimika navyo kabisa. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikazamisha merikebu bandarini na kung'oa mikarafuu. Aprili 1952 kingine kiliifikia Lindi. Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitahadharisha umma kuhusu Kimbunga Hidaya, ambacho kiliingia Mafia tarehe 4 Mei. Mvua zilizoandamana nacho zilikata barabara kuu katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatenganishwa na Dar es Salaam kwa njia ya barabara.

Katika hali kama hiyo, simu ya mkononi hubeba mambo mengi kwa wakati mmoja: tahadhari kwa mvuvi, wito wa msaada, habari za ndugu walio mbali, na mara nyingi fedha zote za matumizi ya familia. Tumeandaa makala haya ili mtumiaji aelewe kampuni ya simu hufanya nini kabla, wakati na baada ya maafa. Na ajue maandalizi ya kampuni yanakomea wapi, na ya kwake yanaanzia wapi.

Huduma ya simu husimama juu ya nini

Ili simu moja ipigwe na kupokelewa, mambo matatu lazima yawepo. Kwanza, mnara uwe umesimama na vifaa vyake viwe salama. Pili, mnara huo uwe na umeme. Tatu, pawepo njia ya kuuunganisha mnara na mitambo mikuu ya kampuni, ama kwa mkongo uliofukiwa ardhini au uliotundikwa kwenye nguzo, ama kwa mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine.

Likikosekana moja kati ya hayo matatu, huduma hukatika. Hii ndiyo sababu mtumiaji anaweza kuona alama ya mtandao imejaa kwenye kioo cha simu na bado asiweze kupiga: mnara ulio karibu naye una umeme, lakini njia ya kuutoka imekatika mahali pengine, pengine umbali wa kilomita nyingi.

Umeme na mafuta

Upepo wenyewe huangusha minara michache kuliko watu wanavyodhani. Mnara hujengwa kwa kukadiria kasi ya upepo utakaoustahimili, na kampuni makini hukagua boliti, nyaya za kuushikilia na antena kabla ya msimu wa mvua. Jambo linalozima minara mingi kwa pamoja ni kukosekana kwa umeme.

Kila mnara uliounganishwa na gridi huwa na betri za akiba, ambazo kwa kawaida huhimili saa chache tu. Minara mingi ina pia jenereta ya dizeli, na baadhi ina paneli za jua. Betri humpa fundi muda wa kufika. Jenereta humpa kampuni muda wa kusubiri umeme urejee. Hata hivyo jenereta huhitaji mafuta, na mafuta husafirishwa kwa barabara. Barabara ikikatika kama ilivyokatika Somanga, tangi ambalo halikujazwa mapema litabaki tupu hadi njia ifunguliwe. Kwa hiyo tahadhari ya hali ya hewa inapotolewa, kazi ya kwanza ya kampuni ni kujaza matangi, kujaribu jenereta, na kupeleka mafundi na vipuri ng'ambo ya mito na madaraja yanayoweza kusombwa. Masanduku ya mitambo yaliyo mabondeni hupaswa kuwa yamekwisha kuinuliwa juu ya kiwango ambacho maji hufika.

Dunia ilipata funzo kubwa katika kisiwa cha Puerto Rico. Kimbunga Maria kilipopiga hapo tarehe 20 Septemba 2017, zaidi ya asilimia 95 ya vituo vya simu za mkononi vilinyamaza. Gridi ya umeme ilianguka, mikongo iliyotundikwa kwenye nguzo ilikatika pamoja na nguzo zake, na barabara zilizozibwa zilichelewesha mafuta na mafundi. Kwa wakazi wengi, ukimya huo ulidumu kwa wiki nyingi.

Njia zaidi ya moja

Maandalizi mengine huhusu njia. Kampuni yenye mkongo mmoja tu kwenda mkoani inategemea bahati. Kampuni iliyojiandaa huijenga mikongo yake kwa umbo la mduara, ili ukikatika upande mmoja mawasiliano yazungukie upande wa pili. Kumbukumbu za wateja, pamoja na mitambo inayoendesha huduma, nazo huwekewa nakala katika mji mwingine ulio mbali na wa kwanza.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana siku chache tu baada ya Hidaya, kwa sababu isiyohusiana na kimbunga hicho. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwemo. Watoa huduma waliokuwa na nafasi ya kutosha kwenye mikongo mingine waliweza kuhamishia huko sehemu ya mawasiliano yao.

Njia zote za ardhini zinapokatika, hubaki satelaiti. Machi 2019, Kimbunga Idai kilipoupiga mji wa Beira nchini Msumbiji na kukata mawasiliano yake, mashirika ya misaada yalitumia vifaa vya satelaiti kuratibu uokoaji. Njia hii ina nafasi ndogo na gharama kubwa. Hutosha kwa hospitali, waokoaji na viongozi, lakini haiwezi kubeba simu za mji mzima.

Wakati wa dhoruba na baada yake

Dhoruba inapopiga, karibu kila mtu hupiga simu kwa wakati mmoja. Mnara una idadi maalumu ya simu unazoweza kuzibeba, na zikizidi nyingine hukataliwa hata kama hakuna kilichoharibika. Ujumbe mfupi wa maandishi huchukua nafasi ndogo sana, na mpokeaji asipopatikana huhifadhiwa na kufikishwa mtandao unaporejea. Ndiyo maana tunashauri kila mara: andika, usipige, isipokuwa unaomba msaada wa haraka.

Fundi haruhusiwi kupanda mnara wakati upepo ungali mkali. Kwa hiyo saa za mwanzo za ukimya si dalili ya uzembe. Upepo ukitulia, kampuni kwa kawaida huanza na njia kuu zinazohudumia minara mingi, kisha minara iliyo karibu na hospitali, vituo vya polisi na makazi ya muda ya waathirika, ndipo maeneo mengine hufuata. Mahali ambapo mnara umeanguka, unaweza kuletwa mnara mdogo uliowekwa juu ya gari, pamoja na jenereta yake.

Fedha zilizo kwenye simu

Salio la mtumiaji halikai ndani ya simu wala kwenye mnara. Limeandikwa katika kumbukumbu za mtoa huduma, na fedha za wateja huhifadhiwa benki katika akaunti maalumu. Simu ikilowa au mnara ukianguka, salio halipotei.

Hata hivyo salio lililo salama laweza kuwa halifikiki. Bila mtandao hakuna muamala. Mtandao ukiwepo, wakala naye anahitaji fedha taslimu za kukupa, na wakala ambaye barabara yake imekatika hawezi kwenda benki kuzileta. Familia ambayo fedha zake zote ziko kwenye simu inaweza kulala njaa huku salio lake likiwa kamili.

Usitegemee mno laini ya pili

Watumiaji wengi huwa na laini za mitandao miwili, wakiamini kuwa mmoja ukizima mwingine utabaki. Mara nyingi ni kweli, na tunaishauri tahadhari hiyo. Lakini ifahamike kuwa kampuni nyingi za simu hukodi nafasi kwenye minara inayomilikiwa na kampuni nyingine, na mitandao miwili au mitatu huweza kutundika antena zake kwenye mnara mmoja wenye jenereta moja. Mafuta yakiisha, zote huzima pamoja. Mpango wa familia usiohitaji simu ni kinga kubwa kuliko laini ya tatu.

Mambo ya kufanya tahadhari inapotolewa

1. Chaji simu na pawabenki mara moja, usingoje umeme ukatike. Kama una simu ndogo ya kawaida, ichaji pia, kwa kuwa betri yake hudumu zaidi.
2. Toa fedha taslimu za kutosha chakula, maji, dawa na nauli za siku kadhaa, katika noti ndogo.
3. Andika namba muhimu kwenye karatasi na uifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Simu ikizima, watu wengi hawakumbuki hata namba ya mwenza wao.
4. Kubalianeni nyumbani mtakutana wapi mkipotezana, na chagueni ndugu mmoja aliye nje ya eneo la hatari ambaye kila mmoja atamtumia ujumbe. Yeye atawajulisha wengine.
5. Weka redio ya betri karibu. Matangazo ya redio huwafikia wasikilizaji wote kwa pamoja bila msongamano.
6. Mtandao ukipotea, punguza mwanga wa kioo na uzime mtandao wa simu kwa vipindi. Simu inayotafuta mnara usiopatikana humaliza betri upesi.
7. Kwa dharura piga 112. Mtandao wako usipopatikana, simu ya mkononi hutafuta mnara wa mtandao mwingine wowote ulio karibu ili kuipitisha simu hiyo.
8. Jihadhari na matapeli. Baada ya maafa huja ujumbe wa aina ya "ile pesa tuma kwenye namba hii", au michango ya waathirika isiyo na mwenyewe. Hakikisha kwa sauti ya mtu unayemfahamu kabla ya kutuma, na usimpe mtu yeyote namba yako ya siri.

Huduma isiporejea

Mtumiaji ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Andika tarehe na saa huduma ilipokatika, kijiji au mtaa ulipo, na kama majirani wenye mitandao mingine wanapata huduma. Peleka taarifa hiyo kwa mtoa huduma wako, kisha omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, tuletee lalamiko pamoja na namba hiyo. Malalamiko yenye mahali na saa hutusaidia kutambua mnara unaozima kila mvua inaponyesha, na kumtaka mhusika aeleze betri zake, jenereta yake na mafuta yake.

Tahadhari ya kimbunga huwapa wote, kampuni na mteja, siku chache tu za kujiandaa. Kampuni huzitumia kujaza matangi ya mafuta na kusogeza mafundi. Mtumiaji naye azitumie kuchaji simu, kutoa fedha na kuzungumza na wa nyumbani mwake, wakati mtandao ungalipo.