Safari ya mwili kutoka Remba hadi kwenye tanuri

Mwili wa mtu aliyefia Remba husafiri majini kwanza. Kisiwa hicho cha Ziwa Victoria, jirani na Ringiti katika Kaunti ya Homa Bay, ni mwamba mdogo uliojaa nyumba za mabati zilizobanana, na wakazi wake wametoka Kenya, Uganda na Tanzania kuvua mbuta na omena. Wengi wao kwao ni kwingine. Kwa Mjaluo, kwao ni dala, boma la ukoo wake, na huko ndiko anakotarajiwa kuzikwa hata akifia mbali. Kwa hiyo mwili hupakiwa kwenye boti ya injini, huvushwa hadi bara, hulazwa mochari, kisha hupelekwa nyumbani. Njia hiyo kila mvuvi anaijua. Njia isiyojulikana ni ile inayoishia kwenye tanuri la kuchomea maiti, na kwa kuwa haijulikani, imezungukwa na minong'ono mingi.

Matanuri yanayojulikana zaidi nchini Kenya yako Nairobi, mbali na ziwa: la Kariokor, la jumuiya ya Wahindu, na la Lang'ata, la kaunti. Desturi ya kuchoma maiti si ngeni kabisa kando ya ziwa. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, Wahindi waliokuja nayo walikuja pia na desturi zao za mazishi, na Wahindu miongoni mwao waliwaaga wafu wao kwa moto wa kuni. Moto huo wa wazi hula mamia ya kilo za kuni na huchukua saa nyingi. Tanuri la kisasa hutumia gesi, dizeli au umeme, na hufanya kazi hiyo ndani ya kuta za matofali yanayostahimili joto kali.

Kazi huanzia kwenye karatasi. Kifo lazima kiandikishwe, kupitia hospitali au, kama mtu amefia nyumbani, kupitia naibu chifu, ndipo familia ipate kibali cha mazishi. Msimamizi wa tanuri hulinganisha jina lililo kwenye kibali na lile lililofungwa kwenye mwili, herufi kwa herufi. Uangalifu huu una sababu nzito. Mwili uliozikwa unaweza kufukuliwa kwa amri ya mahakama hata baada ya miaka. Uliochomwa haurudi, na ushahidi wowote uliokuwa ndani yake huenda nao. Ndiyo maana kifo chenye utata, kwa mfano cha mtu aliyeopolewa ziwani bila shahidi, hakipaswi kufika kwenye moto kabla ya upasuaji wa maiti.

Mochari pia ina wajibu wake. Mtu aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo lazima aondolewe kifaa hicho, kwa sababu betri yake hulipuka kwenye joto na inaweza kubomoa matofali au kumjeruhi mfanyakazi. Pete, saa na mikufu hukabidhiwa familia. Jeneza nalo hukaguliwa: vishikio vya chuma hung'olewa, na vioo, plastiki na rangi nzito hukataliwa. Jeneza zuri kwa moto ni jepesi, la mbao tupu au la majani. Mfano uliowagusa Wakenya wengi ni wa mwanamazingira Profesa Wangari Maathai, aliyefariki tarehe 25 Septemba 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, hivyo jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, gugu lile lile linalonasa injini za boti ziwani. Lilichomwa Kariokor tarehe 8 Oktoba mwaka huo.

Tanuri huwashwa mapema ili matofali yake yashike joto. Maiti wawili hawachanganywi: mmoja huingia, humalizika, majivu yake hutolewa, ndipo wa pili aingie. Katika matanuri mengi kibati kidogo cha chuma chenye namba huandamana na mwili tangu mlangoni hadi kwenye chombo cha majivu, maana chuma hicho hakiyeyuki. Jeneza husukumwa ndani kwa haraka juu ya magurudumu na mlango hufungwa mara moja, kwani mbao hushika moto papo hapo bila kiberiti. Familia nyingi huishia hapo. Zipo zinazoomba mmoja wao abonyeze kitufe cha kuwasha, na kwa Wahindu hiyo ni kazi ya heshima ambayo kwa desturi huachiwa mwana wa kiume.

Ndani ya chumba joto huwa kati ya nyuzi 800 na 1,000 za Selsiasi, kadiri ya joto linalooka vyungu vya udongo au kulizidi. Zaidi ya nusu ya mwili wa binadamu ni maji, nayo ndiyo hutangulia kuondoka kama mvuke. Kisha ngozi, misuli na mafuta huungua na kugeuka gesi. Kichomeo kikuu huelekezwa kifuani, kwa kuwa kiwiliwili ndicho kinachochelewa zaidi. Ule uvumi kwamba maiti huketi motoni si kweli. Kinachotokea ni kwamba misuli hujikunja kwa joto, na mikono na miguu hupinda kidogo. Gesi hupitishwa kwenye chumba cha pili chenye moto wake, zichomwe tena kabla ya kupanda bombani. Tanuri linalotunzwa vizuri halitoi moshi mweusi. Mhudumu huchungulia kupitia kitundu kidogo mlangoni na kurekebisha hewa. Kwa mtu mzima kazi hii huchukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili.

Kinachofuata ndicho familia nyingi hazielezwi, na zinastahili kuelezwa. Moto hautoi unga. Unapozimwa, sakafuni hubaki mifupa: vipande vyeupe na vya kijivu, vyepesi, vinavyovunjika kwa kuguswa, kwa sababu kilichobaki ni madini ya chokaa na fosfati peke yake. Mhudumu huvikusanya kwa reki ndefu ya chuma, polepole, akifuata kila pembe, kisha huviacha vipoe. Sumaku hupitishwa juu yake kuokota misumari ya jeneza. Vyuma vya daktari, kama nyonga ya bandia, hutolewa kwa mkono. Mwishowe vipande hutiwa kwenye mashine yenye gololi za chuma inayovisaga hadi viwe kama mchanga laini. Huo ndio unaoitwa majivu. Kwa mtu mzima huwa na uzito wa kilo 2 hadi 3, na uzito huo hufuata ukubwa wa mifupa wala si unene wa marehemu. Vumbi kidogo hubaki kwenye nyufa za matofali hata reki ipitishwe kwa bidii namna gani, na mhudumu mwaminifu hulisema hilo akiulizwa. Ni kazi ya joto, ya kusimama muda mrefu mbele ya huzuni za watu wengine, na wanaoifanya wanastahili heshima ile ile wanayopewa wachimba kaburi.

Majivu yana njia nyingi. Wahindu huyatia kwenye maji yanayotiririka. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa Jinja, pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria, ziwa lile lile linalopiga mawe ya Remba. Kanisa Katoliki liliruhusu uchomaji mwaka 1963, lakini mwaka 2016 likaagiza majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Uislamu haukubali kabisa mwili kuchomwa.

Miongoni mwa Wakenya Waafrika waliochagua moto wamo Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana, mwaka 2005, na mwanasiasa Kenneth Matiba, mwaka 2018. Kwa Wajaluo jambo hili bado ni gumu, na haifai kulidharau, kwa sababu kaburi la dala ndilo linaloonyesha mtu ni wa wapi. Nguvu ya kaburi hilo ilionekana baada ya wakili S.M. Otieno kufariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, na ukoo wa Umira Kager walishtakiana kuhusu mahali pa kumzika kwa miezi mitano, hadi mahakama ikaupa ukoo ushindi na mwili ukazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987.

Kwa hiyo mkazi wa Remba anayetaka moto aseme sasa, angali na pumzi: amwambie mwenzi wake, awaambie ndugu na wazee wa ukoo, aandike na kutia sahihi mbele ya mashahidi. Naye anayetaka dala aseme vivyo hivyo, na familia yake iweke akiba ya boti.